Wale wa Kupuliza Watabakia

Mwezi uliopita jirani yangu alichinja mbuzi. Ngozi aliianika uani, mvua ikaikuta, basi akawasha mbabula, jiko la makaa, na kuisogeza karibu ili ikauke. Harufu ile ya ngozi mbichi inayopata joto la makaa ilivuka ukuta, ikanikuta nachagua maharage. Kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimesimama, sinia limeanguka, maharage yametapakaa sakafuni, na mkono wangu umekunja ngumi. Binti yangu akaniuliza, “Mama, nani amekukasirisha?” Sikuwa na jibu fupi. Jibu refu ni hili, na nawaandikia ninyi mliokuwa watoto Butembo wakati ule, mliojua kutofautisha lori la mchele na lori la askari kwa mlio wa injini tu.

Parwasi yetu, yaani usharika wetu, ilikuwa na okestra. Najua inasikika kama uongo. Mji umekatwa na vita, barabara ya kusini imefungwa, leo jeshi hili kesho jeshi lile, na huku watoto wa Kiprotestanti wamekaa katika chumba cha udongo nyuma ya kanisa wakipiga muziki wa Wazungu waliokufa zamani. Lakini ilikuwepo. Wamisionari walipoondoka waliacha makasha katika ghala: vayolini tisa, tarumbeta mbili, tromboni, besi moja ya kupuliza iliyobonyea tumboni, jozi ya matoazi, na timbali mbili. Timbali ni ngoma kubwa za shaba, zina umbo la sufuria ya kupikia chakula cha watu wa matanga, na juu zimefunikwa ngozi. Mwalimu Katembo, aliyekuwa amefundishwa noti na wale wamisionari alipokuwa kijana, ndiye aliyefungua makasha na kutukusanya. Tulikuwa kama ishirini hivi. Watu walimheshimu kuliko mganga wa hospitali.

Mimi nilitaka vayolini. Kila msichana alitaka vayolini. Mwalimu alinishika mkono, akaubonyeza juu ya kiwiko kama mtu anayechagua kuku sokoni, akasema, “Weye Masika, iko na nguvu. Unalimaka na mama Musienene, ao hapana?” Nikasema ndiyo, kila likizo tulikuwa tukilima maharage na viazi huko Musienene, kwenye shamba letu. “Na unajua kuhesabu?” Nikasema ninajua. “Basi utapiga timbali.” Nililia njia nzima mpaka nyumbani. Mama alicheka. Alisema heri ngoma, vayolini inalia kama paka mwenye njaa.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nimepewa nafasi ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Anayepiga timbali anakaa nyuma kabisa. Muziki haumjii kwa masikio kwanza, unamjia kwa nyayo, kupitia sakafu. Anawaona wote migongoni. Nilijua kola ya kila mtu, kiraka cha kila shati, nani ananyolewa na mama yake na nani anakwenda kwa kinyozi. Nilijua kwamba watu wa vayolini, kabla ya mahali pagumu, wote huinamisha shingo upande mmoja kama mahindi kwenye upepo. Na zaidi ya yote, nilihesabu. Katika kipande kile kikubwa tulichokuwa tukijifunza mwaka ule, timbali zilinyamaza vipimo sabini na viwili, kila kipimo mapigo manne, na mimi nilisimama na virungu vyangu mkononi nikihesabu kimoyomoyo huku wenzangu wakifaidi. Ukikosea kuhesabu mara moja tu, utaangukia katikati ya wimbo wa watu kama tofali linalovunja dirisha. Wakati wote huo, wengine wakitazama karatasi zao, mimi nilikuwa namtazama Mwalimu usoni. Tulitazamana, yeye mbele na mimi nyuma, na kundi lote katikati yetu. Uso ule niliujua kuliko uso wa baba yangu, ambaye alikufa nikiwa mdogo.

Butembo ni baridi, mnajua. Ukungu wa asubuhi uliingia mpaka ndani ya chumba na ngozi za timbali zikalegea kama mashavu ya mzee. Kwa hiyo mimi nilifika kabla ya wote, nikawasha mbabula, nikaisogeza chini ya shaba, na kungoja ngozi ikaze. Hapo ndipo ile harufu. Kisha niliinama, mdomo karibu na ngozi, nikaimbia noti polepole. Kama ngozi imekaa sawa, inakujibu. Inavuma chini ya kidevu chako, yenyewe, bila kupigwa. Mara ya kwanza niliruka nyuma, nikadhani kuna mtu ndani.

Kaka yangu Paluku alipuliza tarumbeta. Alikuwa na miaka kumi na mitano, miguu mirefu, mdomo wenye alama ya duara ambayo wasichana waliipenda. Yeye alikuwa tarumbeta ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya Kambale, mtoto wa Mwalimu, aliyelingana naye umri na aliyepuliza vibaya kuliko yeye, na kila mtu alijua. Paluku alikaa mbele yangu moja kwa moja. Kabla hajapuliza, mabega yalipanda kidogo na masikio yakarudi nyuma. Baada ya miezi michache sikuhitaji tena kufika sabini na mbili. Nikiona masikio ya yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, yanarudi nyuma, nilijua wakati wangu umefika, na tulianguka pamoja, yeye na shaba yake na mimi na shaba yangu, na nyumba nzima ikatetemeka. Hakuna furaha niliyowahi kuipata inayofanana na ile. Naandika hivyo nikiwa nimezaa watoto watatu.

Sasa yule kapiteni. Wakati ule waliotawala Butembo na Beni walikuwa waasi, na mkubwa wao, tuliyemwita Komanda tu, alikaa Beni. Siku moja mchana, tukiwa katikati ya repetisyo, yaani mazoezi, kapiteni mmoja aliingia na askari wawili. Alivaa miwani myeusi humo ndani ya chumba chenye giza. Tukasimama. Akasema, “Endeleeni, endeleeni,” akakaa kwenye benchi, akasikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi, akatusifu kwa Kilingala. “Malamu! Malamu mingi!” Kisha akawanyooshea kidole wanaopuliza, mmoja baada ya mwingine, akihesabu, na askari mmoja akaandika hesabu kwenye daftari la shule. Sisi wengine hakutuhesabu.

Alimwita Mwalimu nje. Wakasimama chini ya dirisha la nyuma, na dirisha la nyuma lilikuwa juu ya kichwa changu. Wengine walikuwa wakipiga kelele, wamefurahi. Mimi nilisikia.

“Tarehe ya sikukuu ya Komanda, shiye tutaleta kamyo,” kapiteni alisema. “Bote bakuye. Bale bane ba kupuliza, batabakia.”

Mwalimu alisema kitu ambacho sikukisikia.

“Mwalimu, miye hapana kuuliza weye,” kapiteni akasema. “Batabakia.”

Nilielewa vizuri kabisa, nilidhani. Okestra inakwenda Beni kwa kamyo, lori la askari, na wale wanne wanaopuliza wanabaki. Wanabaki Butembo! Labda wanapuliza kwa nguvu mno, labda Komanda ana kichwa kinachouma. Nilimhurumia Paluku kwa muda mfupi, kisha nikafurahi, kwa sababu siku zote yeye ndiye aliyesifiwa. Njiani kurudi nyumbani nikamwambia.

“Yaya, nyiye ba trompeti hamutaenda Beni. Nimesikia. Mutabakia.”

“Nani amesema?”

“Kapiteni mwenyewe. Miye nitaenda, utaniona ndani ya kamyo.”

Usiku huo hakula vizuri, na mama alipomuuliza alisema tumbo linamuuma. Mama hakusikia habari hiyo, kwa sababu Paluku aliona aibu kuisema na mimi nilikuwa nimekwisha kuifurahia. Kama mmoja wetu angeisema mezani kwa sauti, ile “batabakia”, mama angeielewa. Mtu mzima yeyote angeielewa. Hilo nimelibeba, na nalibeba, lakini sitakubali mtu anibebeshe peke yangu. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Chini ya dirisha lile kulikuwa na mtu wa miaka arobaini na mitano.

Jumapili iliyofuata Pasta alitangaza kanisani kwamba safari ya Beni ni heshima kwa parwasi nzima. Watu wakapiga vigelegele.

Asubuhi ya safari kamyo ilikuja, na Mwalimu akasimama na orodha yake. Jina la kwanza alilolisoma lilikuwa Paluku. Nilishangaa. Halafu akasema, mbele yetu sote, “Paluku, leo weye njo trompeti ya kwanza. Peke yako. Kambale iko na kidonda ku mudomo.” Akamnyang’anya mwanawe tarumbeta, akaifungia ndani ya ghala, akampa matoazi. Kambale akaja kusimama nyuma pamoja nami. Nilimtazama mdomo. Haukuwa na kidonda.

Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri Mwalimu ni mtu mwema. Nilifikiri alimwombea Paluku kwa kapiteni, asibaki, na juu ya hayo akampa nafasi ya kwanza aliyostahili siku zote, hata kwa kumvua mtoto wake mwenyewe. Paluku alipanda kamyo kama bwana harusi. Mama alikuwepo, alikuwa amempigia pasi shati jeupe. Alimpa Mwalimu mkono kwa mikono miwili, akainama, akamwambia kwa Kinande, lugha yetu, “Wasingya, Mwalimu.” Asante. Na yule mtu akaupokea mkono wake. Akautikisa.

Tuliteremka mlima wa Kabasha tukiimba, na kadiri tulivyoshuka ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito na ya moto. Beni si Butembo. Kiwanja cha sherehe kilikuwa wazi, jua kali, viti vya plastiki kwa wakubwa chini ya turubai, na sisi juani. Ngozi nilizozoea kuzipasha moto zilikaza zenyewe, zikapanda, zikalia kama kopo. Nililegeza skrubu, nikainama kuziimbia, nikasikia askari wakicheka kwamba msichana anabusu ngoma. Kambale, pembeni yangu, hakucheka. Alishika matoazi yake yakigongana kidogo kidogo. Nilimwambia asiogope, matoazi ni rahisi, nitampa ishara.

Tukaanza. Nilihesabu. Nilikuwa kwenye kipimo cha arobaini hivi nilipoona uso wa Mwalimu unalowa. Nilidhani ni jasho. Kisha nikaona mdomo wake wa chini. Mwalimu alikuwa akilia, mikono inaendelea kupima sawasawa, moja mbili tatu nne, bila kukosea, na machozi yanashuka mpaka kwenye kola. Hakuna mwingine aliyeona. Wote walikuwa na macho kwenye karatasi. Nikajua nimekosea kuhesabu. Nikajua nimeharibu mahali fulani na sijui ni wapi, na yeye analia kwa sababu yangu mbele ya wakubwa wa nchi. Basi nikaacha kuziamini namba zangu, nikayatazama masikio ya Paluku. Mabega yakapanda. Masikio yakarudi nyuma. Tukaanguka pamoja, na Beni yote, naamini, ilisikia. Alipuliza siku ile kama mtu anayefungua mlango kwa teke. Komanda alisimama kwenye kiti chake. Askari wakarusha kofia.

Na nataka niseme hivi, kwa sababu kuna watu siku hizi wanapita na kamera zao wakitaka kusikia jinsi muziki ulivyotuletea amani. Ule ulikuwa muziki mzuri kuliko wote niliowahi kuusikia. Ulipigwa vizuri. Haukumzuia mtu yeyote kufanya chochote.

Walitupa Fanta za moto na mikate. Kisha kapiteni akaja na daftari lake, akawaita waliopuliza, Paluku, kijana wa tromboni na kijana wa besi. Akatafuta wa nne.

“Nilikuwa nahesabu bane.”

“Iko batatu,” Mwalimu akasema, bila kumtazama. “Batatu tu.”

Kapiteni alitazama huku na huku, akamwona Kambale na matoazi yake, akampita. Akatutangazia kwamba vijana hawa wamechaguliwa kuanzisha fanfare, yaani bendi ya kupuliza, ya jeshi la Komanda, watapewa viatu, watapewa chakula kila siku, watakaa Beni. Watabakia. Nilipolisikia neno lile kwa mara ya pili nilipaswa kuelewa. Wapi! Nilichokielewa ni kwamba yaya ameshinda tena. Amechaguliwa na jeshi zima, na mimi niliyehesabu vipimo sabini na viwili narudishwa Butembo na chupa tupu. Alikuja kuniaga. Uso wake ulikuwa wa ajabu, mweupe mweupe kama unga.

“Masika, ambia mama… ambia mama asikuwe na wasiwasi. Nitakuya hivi karibuni.”

Nikageuka. Sikumpa mkono. Nikajifanya nafungua skrubu za timbali. Nikasikia hatua zake zinaondoka. Safari nzima ya kupanda Kabasha hakuna aliyeimba, na mimi nilidhani wenzangu nao wamenuna kwa wivu.

Mama alikuwa jikoni, anasonga bugali. Niliingia nikatupa mfuko wangu. Akauliza, “Yaya iko wapi?” Nikamjibu kwa kiburi chote cha mtoto aliyeachwa, “Amebakia Beni. Baaskari bamemupatia kazi. Atavaa viatu.”

Mwiko ulibaki umesimama kwenye sufuria. Mama hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, taratibu, kama mtu aliyeshushwa na kamba, akaanza kujipiga magoti kwa viganja. Hapo ndipo nilipojua kwamba yaya amechukuliwa vitani, na sikujua kwa kuambiwa. Nilijua kwa kuhesabu yale makofi, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kuhesabu kila kitu.

Alikwenda Beni mara nyingi. Alipanda magari ya mizigo, akakaa juu ya magunia, na kapu lake la maharage na viazi vya kuwapa walinzi. Walinzi walikula maharage. Walimwambia arudi Jumanne, walimwambia arudi mwezi ujao, walimwambia mwanawe ni mtu mzima sasa. Mara moja tu alimwona, mbali, ng’ambo ya seng’enge, amevaa koti la jeshi lililofika magotini. Paluku aliinua mkono. Mlinzi akamwambia mama aondoke. Kisha vita vikasogea, na kambi ile siku moja ikakutwa tupu. Walikuwa wamepelekwa msituni, upande wa machweo, na huko hawakuhitaji watu wa tarumbeta.

Mimi niliendelea kwenda repetisyo. Ndiyo, niliendelea, kwa kuwa mama aliamini Mwalimu anahangaika kuwatafuta watoto. Alisema hivyo yeye mwenyewe: ameandika barua, amezungumza na wakubwa. Mama alimpelekea viazi. Tulikuwa tukimpelekea yule mtu viazi!

Ilikuwa Kambale aliyevunjika. Tulikuwa tunachota maji kwenye chemchemi, jioni moja jua likingali juu, na nilikuwa nimemtania kuhusu matoazi yake, kwamba anayapiga kama mtu anayefukuza kuku. Akatua ndoo. Akasema, “Papa aliniambia ile asubui, hapana kugusa trompeti. Alisema nikigusa nitakufa.”

“Asubui gani?”

“Ya Beni.”

Nilimtazama. Maji yalikuwa yakifurika kutoka kwenye ndoo yangu na kunilowesha miguu.

“Alijua?”

Kambale akaanza kulia. “Mama alimulilia. Alimwambia afanye kitu. Masika, miye hapana kujua atamuweka Paluku. Nilifikiri hakuna mutu atapuliza trompeti.”

Sikumpiga. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumpiga. Niliiacha ndoo pale pale, nikakimbia mpaka nyumbani, nikamwambia mama yote, kuanzia dirisha. Mwishoni aliuliza kitu kimoja: “Kapiteni alisema bane?” Nikasema ndiyo. “Na Mwalimu akasema batatu.” Nikasema ndiyo. Akanawa uso.

Jumapili alivaa kitenge chake kizuri, akakaa benchi la mbele. Pasta alipomaliza tangazo na Mwalimu akasimama mbele yetu na kijiti chake, mama naye akasimama. Hakupaza sauti.

“Mwalimu Katembo. Mutoto yako iko wapi?”

Mwalimu aligeuka. Nadhani alijua tangu neno la kwanza. Mama akauliza tena, kama mwalimu wa darasa anavyomwuliza mwanafunzi, “Mutoto yako Kambale. Iko wapi?”

“Ni yule pale, Mama Paluku,” akasema, akaonyesha. Kambale alikuwa karibu nami, matoazi mkononi, kichwa chini.

“Ya kwangu iko wapi?”

Mzee mmoja wa kanisa alimshika mama bega, akamwambia taratibu, “Mama, tuombe. Mungu anajua.” Mama akamwambia, “Mungu anajua, na huyu naye alijua.” Na Pasta, mtumishi wa Bwana, akatangaza namba ya wimbo. Akatangaza namba! Watu wakafungua vitabu kwa haraka, karatasi zikavuma kanisa zima, na Mwalimu, nilikuwa namtazama usoni kama kawaida yangu, akageuka, akainua mikono. Vayolini zikaanza. Waliomjua mama yangu tangu ujana wake waliimba juu ya sauti yake mpaka akakaa.

Niliviweka virungu juu ya ngozi. Nilipita katikati ya vayolini, nikaangusha kisimamio cha karatasi cha mtu, nikamshika mama mkono, tukatoka. Sikurudi tena chumba kile.

Paluku alirudi baada ya mavuno manne, yaani miaka miwili, kwa kuwa kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Alikuja kwa miguu mpaka Musienene, mchana, tukiwa tunapalilia, na mama alimwona kwa mbali akadhani ni mzee anayetafuta njia. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika msituni na kuungana vibaya. Wale wengine wawili hawakurudi. Tarumbeta tulimwuliza, akasema ilibaki mtoni, hakusema mto gani. Mama alimchemshia maji, akamwogesha kama mtoto mchanga, naye akakubali.

Siku ya tatu, tulipokuwa tumekwisha kumrudisha Butembo, Mwalimu alikuja nyumbani. Alikuja na kuku wawili na sukari, amevaa koti lake la kanisani. Kwetu mgeni akiingia, hata awe adui, mtoto anakimbia kumletea kiti. Ndivyo tulivyolelewa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikaa pale pale nilipokuwa. Mama aliendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo. Mwalimu alisimama mlangoni, kuku wakining’inia kichwa chini, akisema kwamba anamshukuru Mungu, kwamba amefunga na kuomba, kwamba vita vilikuwa vibaya kwa kila mtu. Kulikuwa na viti viwili chumbani. Kimoja nilikuwa nimekikalia mimi.

Kingine alikuwa amekikalia Paluku. Alishika ukuta, akajiinua. Ilimchukua muda, mguu ule haukukunjika, na sote tulimtazama akihangaika. Akakisukuma kiti mbele.

“Karibu, Mwalimu,” akasema. “Ikaa.”

Nilimtazama yule mtu usoni. Nilijua uso ule ukiwa unapima, ukiwa unalia, ukiwa unadanganya. Nikangoja akatae. Nilisema moyoni, sasa atakataa, atamrudishia kiti, hata mtu wa namna hii hawezi. Kaka yangu alikuwa ameegemea ukuta kwa mguu mmoja, jasho limemtoka.

Mwalimu akasema asante, akakaa.